Mstari wa Rangi ya Kucha

Mashine imekuja na Kenta ya perege
kutoka Lang'ata, bwawani Nyumba ya Mungu,
imefungwa gunia, inanuka samaki na kuungua.
Mcharo anaishusha mlangoni petu, Pasua,
kama mtu aliyeleta mgonjwa
na anajua dawa alimpa mwenyewe.

Naishika flaiwili. Haizunguki.
Imenoki.

"Lakini hii ya kisasa," anasema.
"Ina tangi lake la oili, inajichanganyia.
Waliniambia nitie petroli tupu, basi."

Nafungua. Pampu ni ndogo, ngumi ya kichanga,
na ndani yake gia ya plastiki
imeng'oka meno matatu
kama mtoto wa darasa la kwanza.
"King'ora hakikulia?"
Anatazama ndala zake.
"Kilikuwa kinalia kila wimbi, Nakijwa.
Nikakata waya."

Baba, juu ya tairi lake, hajaulizwa:
"Hamsini kwa moja."

Mzee wa kanisa, hajaonja pombe maisha yake,
na mali yake ya thamani ni chupa ya bia.
Aliiosha mwaka niliozaliwa,
akaichora mstari kwa rangi ya kucha ya mama,
nyekundu, chini kidogo ya shingo:
oili hadi hapa, kwa dumu la lita ishirini,
tikisa, hesabu hadi thelathini, ndipo umimine.

Nilipotoka VETA nilimbishia.
Nikamwambia pampu ina akili:
mashine ikinyata inaidondoshea,
ikikimbia inaimiminia,
wewe wamnywesha sawa aliyelala na anayekimbia,
ndiyo maana plagi zako nyeusi
na majirani wanaanua nguo ukiwasha.
Alicheka. "Mkono ukikosea
utajua umekosea wapi.
Pampu ikifa haiagi."

Miaka tisa tulibishana hivyo,
spana zikipita kati yetu.

Halafu masika ya mwaka jana
nilimkuta anachanganya dumu alilokwisha kulichanganya.
Mara ya pili. Kwa makini yaleyale,
jicho usawa wa mstari, midomo ikihesabu.
Wiki iliyofuata hakutia kabisa,
na mashine ya watu ikalia chuma kwa chuma
ndani ya pipa letu la majaribio,
maji yakichemka kana kwamba kuna ziwa mle,
na mlima huko juu umejifunika blanketi lake
usione.
Nililipa pistoni ile. Hakujua.

Tangu siku hiyo sibishani.
Pampu haikumbuki, lakini pia haisahau.
Inafika tu siku inakatika meno.

Naing'oa pampu ya Mcharo, naziba tundu lake.
Nachukua chupa nyingine, naiosha kwa sabuni na mchanga.
Rangi ya mama ilikwisha kukauka;
nimenunua Mbuyuni, muuzaji akanitazama kucha
zilizojaa grisi, akanyamaza.
Si nyekundu ileile. Hii inaelekea zambarau.
Napima mililita mia nne, nachora.

"Na nikisahau kutia?" Mcharo anauliza.

Nusa dumu, namwambia. Chovya kidole, sugua:
petroli tupu inakimbia, inaacha ngozi kavu na baridi,
iliyochanganywa inabaki, inateleza.
"Na gizani, mawimbi, mikono yote imelowa oili?"
Hapo sina jibu.
Anabeba chupa yake kwapani.

Jioni baba anasimama kutoka kwenye tairi,
anaelekea rafuni.
Dumu la kesho liko tayari, nimeshalitikisa mwenyewe.
Anaikuta chupa yake imelala ubavu.
Anasimama. Mkono uko hewani.
"Imelala," anasema.
"Ikilala maana yake tayari, baba."
"Aa. Tayari."
Anarudi kwenye tairi, ameridhika,
kama mtu aliyefundishwa jambo zuri na jipya.

Nilimfundisha jana.
Na juzi.